Kiwanja Kilicho Nyuma ya Gari la Majitaka

Kuna nchi ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, umri huu niogope nini, meno yenyewe yalishatangulia. Ni kwamba jina lake limebadilishwa mara tatu tangu niolewe, na redio yangu iliharibika kabla sijasikia la nne. Basi tuiite nchi yetu. Nanyi mnaosoma, mkiona inafanana na ya kwenu, hilo ni lenu, msinitie kwenye kesi.

Nchi yetu ina amani, ina mito, ina bendera ya rangi saba, na ina barabara moja ya lami. Katika barabara hiyo kila gari hukimbia pua yake ikiwa imegusa makalio ya gari la mbele. Ukiwa mbali utadhani treni. Ukiwa ndani, ukitazama kioo cha nyuma, humwoni dereva anayekufuata, unaona meno yake tu, na kama macho yako mazima utaona na alichokula asubuhi. Sisi tunaita kushika mkia. Mwanamume anayejua kushika mkia husifiwa harusini, na akifa husifiwa tena, maana mara nyingi ndicho kilichomuua.

Wanaosema hatuna adabu barabarani hawajui tulikojifunza. Tulijifunza kwa wakubwa.

Mkuu wa nchi yetu akitoka, hutoka na msafara. Gari lake hutangulia, na nyuma yake mashangingi ya mawaziri hufuatana kwa kadiri ya mapenzi. Waziri anayependwa zaidi ndiye anayemgusa. Jioni redio hutangaza, "Leo Waziri wa Kilimo alikuwa nyuma ya Mkuu kwa unene wa kidole," nasi majumbani tunajua kilimo kinakwenda vizuri. Siku moja Waziri wa Afya, mtu mpole, alikanyaga breki kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi akapona. Lakini mwanya ukatokea, upana wa mlango tu, na Waziri wa Michezo akaingia ubavuubavu. Jua halijazama, Waziri wa Afya alikuwa ameshateuliwa balozi katika nchi moja ya baridi ambako maziwa huuzwa kwa kukatwa na shoka.

Tangu siku hiyo mawaziri wote waliagiza breki zing'olewe kwenye magari yao. Breki, walisema, ni dalili ya mtu mwenye mashaka na uongozi. Gari la Mkuu peke yake ndilo lililobaki nazo. Likisimama, la pili huliegemea, la tatu huegemea la pili, ko, ko, ko, mpaka mwisho wa foleni. Hivyo ndivyo serikali yetu inavyosimama.

*

Mambo yalikwenda vizuri hadi siku magari kumi na tisa yalipogongana kwa sababu wa mbele alipiga chafya. Wageni waliokuwa wanatutembelea wakashangaa. Mkuu hapendi wageni washangae, kwa hiyo kesho yake akaunda Wizara ya Umbali wa Staha. Jengo lake lilibandikwa kwenye ukuta wa Wizara ya Ujenzi kwa ukaribu ambao madirisha hayafunguki hadi leo.

Waziri wake akawa Dk. Baltazari Mzingo. Huyu ni mtu mfupi mwenye suti ndefu, na amesoma hadi akasahau. Siku ya uzinduzi alisimama katikati ya barabara na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Umbali ni uhai! Umbali ni maendeleo, na ndiyo maana maendeleo yako mbali! Kuanzia leo, kati ya gari na gari ziachwe hatua arobaini!"

Mzee mmoja akauliza, "Hatua za nani, Mheshimiwa?"

"Za kwangu," akasema Dk. Mzingo, na akaanza kuzipiga ili tuone.

Alipofika hatua ya kumi na mbili, teksi mbili zilikuwa zimeingia nyuma yake. Ya ishirini, mama mmoja akatandika mkeka akamwaga vitumbua. Ya thelathini, watu wa maombi wakasimamisha hema na kuanza kupunga pepo. Alipomaliza ya arobaini na kugeuka, gari alilotokea hakuliona tena, akarudi ofisini kwa miguu.

Msimlaumu. Kwetu nafasi tupu ni kitu kisichovumilika. Ukiinuka kwenye kiti kumpokea mgeni, ukirudi kiti kina mtu, na mtu huyo ana barua yenye mhuri. Shule yetu ilikuwa na uwanja wa mpira. Watoto walikwenda likizo, waliporudi uwanja ulikuwa hoteli na golikipa ameajiriwa mlangoni. Sheria ya hatua arobaini ilikuwa nzuri kabisa, ila kila aliyeitii aligeuka mtu wa kugawa viwanja bure.

Baada ya miezi sita Wizara ikatuma wakaguzi nchi nzima, na darubini, watafute mahali ambapo sheria inafuatwa. Walizunguka mvua na jua. Walipata nafasi moja tu.

*

Sasa niwaambie habari za jirani yangu Mwanamvua, maana hadithi ni yake. Hao wengine wamejipenyeza tu kama kawaida yao.

Mwanamvua ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia kitu kimoja: gari la kunyonya vyoo. Lina tangi kubwa la kijani, bomba refu kama mkonga, na juu ya kioo cha mbele marehemu aliandika kwa mkono wake MARASHI. Kwa gari hilo Mwanamvua amesomesha, ameoza na amezika. Nasi mtaa mzima tunamtegemea. Akipata homa ya siku tatu, tunaanza kula kidogo.

Anaendesha polepole, kwa sababu mzigo wake haupendi kutikiswa. Na nyuma yake, miaka yote hiyo, pana uwanja mtupu: hatua arobaini, siku ya joto sitini. Hakuna mshika mkia aliyewahi kumsogelea mara mbili.

Wakaguzi waliandika ripoti ya kurasa mia tatu. Dk. Mzingo akaja mwenyewe mtaani kumpa cheti cha Dereva wa Mfano. Cheti kilifungwa kwenye ncha ya mti mrefu, naye akakinyoosha kutoka mbali, leso puani.

"Mama, hebu tuambie, siri yako ni nini?"

"Siri nimeibeba, Mheshimiwa. Nikufungulie uione?"

"La, la, mama. Serikali inakuamini."

Mambo yangeishia hapo, kama katika cheti wasingeandika na vipimo: urefu hatua arobaini, upana barabara nzima. Magazeti yakachapa. Wakubwa wakasoma, na mioyo yao ikapiga kwa nguvu, kwani waliona kitu walichokuwa hawajakiona kwa miaka mingi. Ardhi tupu. Tena ya lami.

Waziri wa Michezo alikiomba kiwanja hicho kwa faida ya vijana. Jenerali mmoja alikiomba kwa usalama wa taifa. Lakini faili lilikuwa mezani kwa Dk. Mzingo, na mkono wa mtu huanza kwenye sahani iliyo karibu. Akajigawia.

Akatumwa mpima ardhi, Bwana Ladislausi, aje aweke mipaka. Maskini Ladislausi. Kiwanja kilikuwa kinatembea. Nilimwona kwa macho yangu anakimbia nyuma ya Marashi na mnyororo wa kupimia, jasho linamtoka, wasaidizi wake wawili wanahema na mawe ya mipaka mabegani.

"Mama! Simamisha kiwanja!"

"Kiwanja gani, baba?" Mwanamvua akatoa kichwa dirishani. "Mimi nina gari tu. Hicho cha nyuma kimeamua chenyewe kunifuata."

Mwishowe alimkuta amesimama gerezani anavuta shimo. Mawe ya mipaka yalikataa kukaa kwenye lami, basi Ladislausi akachukua rangi nyeupe akapaka koki ya nyuma ya tangi, ile inayofunguliwa kumwaga, akaiandika namba moja. Ndiyo ikawa alama ya mpaka wa mbele. Hati ikatoka: Kiwanja Namba Moja, Kitalu cha Kutembea. Sharti ni lilelile la viwanja vyote, kwamba mmiliki akiendeleze ndani ya siku tisini kwa kujenga au kupanda, na mpima aje athibitishe.

Kisha ikaja barua ya Mwanamvua. Alinijia nayo nyumbani.

"Bi. Sikitu, hebu nisomee. Mimi nimesoma mara tatu, kila mara inakuwa mbaya zaidi."

Nikavaa miwani. Barua ilisema kwamba kwa kuwa kiwanja hakiwezi kuwepo pasipo gari, gari ni sehemu ya kiwanja, kama mnazi au kisima, na ni mali ya mwenye hati. Mjane anatakiwa alikabidhi ndani ya siku saba.

"Wanalichukua Marashi," akasema.

"Wanalichukua."

"Waziri atavuta vyoo?"

"Ataliegesha nyumbani kwake, shoga, ili watu wasimsogelee. Kila akitaka nafasi, analitoa."

Mwanamvua akakaa kwenye mkeka. Nimemjua mwanamke huyu miaka arobaini na sijamwona analia, hata siku ya kumzika mumewe, maana aliendesha mwenyewe. Siku hiyo alilia. Nami nikatazama kule uani kwangu, kwenye kile kijumba cha bati, nikajua hiki si kilio cha mtu mmoja.

*

Siku saba zikapita Mwanamvua hajakabidhi gari, akashtakiwa, na kesi ikasikilizwa na Hakimu Pantaleo. Mahakamani kwetu kiti cha hakimu na kiti cha mwendesha mashtaka vimegusana, ili mawazo yasichelewe njiani.

"Mshtakiwa," akasema Hakimu, "unatuhumiwa kuhodhi nafasi ya barabara kwa miaka ishirini bila hati. Una la kusema?"

"Mheshimiwa Hakimu, nafasi hiyo sikuiomba. Ilikuja kwa sababu ya ninachobeba. Na ninachobeba si changu, ni chenu."

Mahakama nzima ikakohoa. Hakimu akapekua makaratasi.

"Mahakama haina kumbukumbu ya kuchangia."

"Mimi ninayo. Kwako nilikuja Jumanne."

Nilicheka, nikaonywa. Hakimu akaingia chumba cha ndani kufikiri, na alipotoka alikuwa na hukumu ambayo wanasheria wanaisoma hadi leo kwa mshangao. Alisema mtu hawezi kumiliki kiwanja ambacho hajawahi kukikanyaga. Kwa hiyo Jumamosi, Dk. Mzingo aingie na gari lake katika kiwanja chake na kukaa humo kuanzia sokoni mpaka kwenye mabwawa ya majitaka nje ya mji, bila kutoka. Akifika, kiwanja na gari ni vyake. Akitoka kabla, hati inafutwa, gari na nafasi yake vinabaki kwa mjane huyu, na yeyote asimsogelee maisha yake yote.

Dk. Mzingo akainuka. "Mheshimiwa Hakimu, na upepo je?"

"Upepo utaandikiwa barua," akasema Hakimu.

Na kweli uliandikiwa. Nakala ilikwenda kwa Idara ya Hali ya Hewa.

*

Siku ya Alhamisi nilifuatana na Mwanamvua ofisini kwa Ladislausi.

"Bwana mpima," akamwambia, "ile koki ya nyuma imelegea. Imelegea tangu enzi za marehemu, ila mwezi huu imezidi. Nataka niikaze kabla ya Jumamosi, nisije nikamwaibisha mtu."

Ladislausi akaruka kitini. "Koki namba moja? Ile ni alama ya mpaka ya serikali! Kuigusa ni kosa, mama. Kifungo!"

"Hata kuikaza kidogo tu?"

"Hata kuitazama kwa nia mbaya."

"Basi niandikie."

Akaandika. *Ni marufuku kwa mtu yeyote kukaza, kulegeza, kufunga au kusaidia koki namba moja.* Akapiga mhuri, akapiga na wa pili kwa sababu wa kwanza ulipinda. Mwanamvua akaikunja karatasi ile, akaitia kifuani.

Tukatembea mpaka penye duka la mkaa. Hapo nikamuuliza, "Shoga, breki zako zikoje?"

"Nzima kabisa. Marehemu alizipenda kuliko mimi."

"Na hao mabwana hawana."

"Hawana hata moja."

"Basi Jumamosi nina safari ya ng'ambo ya barabara. Pale sokoni, penye zebra."

Akanitazama. "Unakwenda kufanya nini ng'ambo?"

"Nitajua nikishafika."

Tukaenda hatua kadhaa. Nikamuuliza tena, "Na utakwenda na tangi tupu?"

"Kwenye sherehe ya serikali, Bi. Sikitu? Mtu aende mikono mitupu?" akasema. "Huo ni utovu wa adabu."

Ijumaa kutwa alivuta. Alivuta soko, akavuta gereza, akavuta hoteli ile ya uwanja wa mpira. Mwisho akaja kwangu, akavuta na kwangu. Nilijisikia nimeshiriki kujenga taifa.

*

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Mkuu mwenyewe alikuwa ameshatangulia mabwawani, ameketi jukwaani na feni nne, anamsubiri waziri wake afike na kiwanja. Lakini hapo likazuka tatizo la itifaki. Mawaziri wote walitaka kuwemo kwenye msafara, na mawaziri wetu hawajui kufuata kitu kingine chochote isipokuwa Mkuu. Wangefuataje gari la vyoo?

Watu wa itifaki walikesha wakifikiri, na asubuhi wakaja na dawa: picha kubwa ya Mkuu, ya rangi, anatabasamu. Wakaitundika nyuma ya tangi, juu kabisa ya koki namba moja. Kwa mujibu wa sheria za heshima, mbele ya picha ya Mkuu vioo vya magari hushushwa na mkono hutolewa nje kupunga. Basi vioo vyote vikashushwa.

Msafara ukaanza. Mbele Mwanamvua, amevaa kanga mpya, mikono miwili kwenye usukani. Nyuma yake, kwa hatua arobaini, shangingi la Dk. Mzingo, naye kasimama kwenye tundu la paa na hati mkononi. Nyuma yake Waziri wa Michezo. Nyuma yake wengine kumi na watatu, wamegusana, ving'ora vinalia.

Hatua arobaini hazikudumu hata nusu maili. Waziri wa Michezo aliiona ile picha inatabasamu mbele, na kati yake na picha pana Mzingo peke yake. Miaka yote ile ya kushika mkia ikampanda kichwani. Akaanza kulisukuma shangingi la Dk. Mzingo kwa bampa. Na wa nyuma yake akamsukuma yeye, na wa nyuma akamsukuma huyo, maana hakuna aliyetaka kutangazwa jioni kwamba alikuwa wa mwisho.

"Msinisukume!" nilisikia Dk. Mzingo anapiga kelele. "Tuache umbali! Jamani, umbali! Mimi ndiye waziri wake!"

"Sogea mbele, Mzingo! Kiwanja ni chako, unaogopa nini?"

Thelathini. Ishirini. Kumi. Alipofika tano nilimwona amejiziba pua kwa hati.

Mimi nilikuwa pale penye zebra. Ni zebra pekee nchini. Ilichorwa alipokuja mgeni mmoja kutoka nje na haijawahi kutumika, hulala mbuzi. Nilikuwa na fimbo yangu na kikapu cha maharage kilo mbili. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kama tulivyofundishwa darasa la pili, nikaingia barabarani.

Katikati, sijui mkono ulinitelezaje. Maharage yakamwagika.

Mwanamvua, dereva wa mfano, akasimama. Alisimama vizuri, taratibu, kama anavyosimama kila siku. Alisimama kwa sababu ana breki.

Na serikali yetu nayo ikasimama, kwa namna inayoijua. Ililiegemea gari la mbele.

Ko, ikasema bampa ya Dk. Mzingo. Ko, ko, ko, wakaitikia wale kumi na wanne nyuma yake.

Sitaeleza sana, kwani wengine mnasoma huku mnakula. Niseme tu kwamba koki namba moja haikuvunjika. Iling'oka yote, kwa heshima, na ikapita juu ya kichwa cha Dk. Mzingo ikafuatwa na yale yote iliyokuwa imeyazuia tangu Ijumaa. Tangi lilikuwa limejaa mpaka shingoni, lina msukumo. Vioo vilikuwa chini. Mikono ilikuwa nje inapunga. Gereza likaingia dirisha la kulia, hoteli ikaingia la kushoto, na kwa mbali nafikiri niliutambua mchango wangu.

Hakuna aliyeumia mwili. Wote kumi na watano waliruka kutoka magarini na kukimbia, na nilishangaa: kila mmoja alimkimbia mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu tupate uhuru niliwaona mawaziri wetu wameachiana hatua arobaini.

Dk. Mzingo alikuwa wa kwanza kutoka kiwanjani. Hati aliiacha. Hakuna aliyemrudishia.

Mwanamvua akashuka, akaja akanisaidia kuokota maharage.

"Umeumia, Bi. Sikitu?"

"Roho tu, shoga. Inataka kucheka na hapa pana serikali."

*

Mabwawani, Mkuu alisubiri hadi saa nane, akahutubia feni, akarudi nyumbani. Jioni redio ya jirani ilitangaza kwamba katika ajali ya kusikitisha picha ya Mkuu haikupata hata tone, jambo linaloonyesha usafi wa uongozi wake. Hilo ni kweli kabisa. Koki ilikuwa chini ya picha; yeye alitabasamu tu akitazama wenzake.

Ikafuata tume ya uchunguzi. Walikuja kwangu watu wawili wenye makoti, wakakataa chai.

"Bibi, kwa nini ulivuka pale?"

"Pana mistari, wanangu. Serikali imechora."

"Na kwa nini ulisimama katikati?"

"Maharage yalimwagika."

"Mashahidi wanasema uliyaokota moja moja. Kwa nini moja moja?"

"Ningeyaokota yakiwa yamegusana? Na sheria ya umbali je?"

Wakaandika. Wakaenda kwa Mwanamvua wakamuuliza kwa nini hakukaza koki. Akatia mkono kifuani, akatoa karatasi ya Ladislausi. Wakaisoma, wakaigeuza, wakaisoma mihuri yote miwili, wakaondoka bila kuaga. Hakimu Pantaleo, ambaye shimo lake lilikuwa limeanza kujaa, alifuta hati siku ileile.

Dk. Mzingo ni balozi sasa. Yule Waziri wa Afya amepata mwenzake wa kukatia maziwa.

Na barabara yetu imepona. Ile harufu haikutoka kwenye viti vya mashangingi, waliosha, wakafukiza, wakabadilisha hata mazulia. Kwa hiyo sasa waziri akikusogelea kwa nyuma, wewe unampisha, na wa nyuma yake anamwachia hatua sitini bila kuambiwa. Breki zimerudishwa zote. Msafara wa Mkuu una urefu wa maili mbili, na kutoka gari hadi gari unaweza kufuga kuku. Wizara imeandika ripoti kwamba sera yake imefanikiwa.

Marashi lina koki mpya. Kila asubuhi Mwanamvua hunipita hapa barazani, anapiga honi mara mbili, na nyuma yake nafasi yake iko palepale, tupu, pana, haiombwi na mtu.

Nusura nisahau. Siku ya themanini na tisa alikuja Ladislausi na faili. Hati ilishafutwa, ila faili lilikuwa na kisanduku ambacho lazima kijazwe: kiwanja kiliendelezwa, au hakikuendelezwa? Nikamshika mkono nikampeleka penye zebra. Kando ya lami, pale ilipopasuka, ilikuwa imeota minyanya. Sijawahi kuona nyanya kama zile, nyekundu, kila moja kama ngumi.

"Hizi za nani, bibi?"

"Za Dk. Mzingo. Alipanda mwenyewe, mbele ya baraza zima la mawaziri. Mimi ni shahidi."

Akaandika: kimeendelezwa. Akapiga mhuri, safari hii haukupinda. Kisha akachuma moja, akaipangusa kwenye suruali, akaifikisha mdomoni. Hapo akakumbuka. Akanirudishia polepole, mkono wake ameunyoosha wote, amekaa mbali.

Nikaila mimi, namtazama. Mbona tamu.